Kabla Faili Halijatoka Mkononi: Jinsi ya Kupima Hatari na Haki za Kugawana Mafaili Mtandaoni

Usiku mmoja baada ya Isha, mama wa makamo aliingia katika saiba yangu, duka la intaneti, hapa Langoni, Lamu, ameishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu," aliniambia, "picha hii niifute vipi kule ilikofika?" Hakunionyesha picha yenyewe, wala mimi sikuomba kuiona, kwa maana kioo alikuwa amekifunika kwa kiganja tangu alipovuka kizingiti. Ilikuwa picha ya mjukuu wake, iliyopigwa siku ya kupamba, ndani, mbele ya wanawake peke yao, pale ambapo mabuibui huvuliwa na nywele huonekana. Aliyeipiga ni shangazi wa bibi harusi, na aliituma kwa mtu mmoja tu, ndugu yake wa kike aliyeko Mombasa ambaye hakuweza kuhudhuria. Simu ya ndugu huyo huchezewa na mwanawe. Kijana alipoona picha za harusi, akazichagua zote kwa pamoja na kuzitia katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kutoka kundi hilo picha ikashika njia yake. Yule bibi aliyekuja kwangu aliletewa na mtu asiyemjua.

Naanza na kisa hiki kwa sababu hakina mwizi ndani yake. Hakuna aliyevunja kufuli wala kuiba neno la siri, na hakuna aliyekusudia kumvunjia heshima binti wa watu. Kila mmoja alipima hatua yake mwenyewe akaiona fupi, na hakuna aliyepima njia nzima. Ukimwazima mtu kitabu, kitabu kimetoka kwako na unaweza kwenda kumdai. Faili halitoki, linazaa nakala, na nakala ile nayo ina uwezo wa kuzaa, tena bila ya wewe kuwepo.

Wengi wanaoniuliza juu ya hatari za kugawana mafaili huwa wanawaza polisi na filamu za bure. Katika miaka niliyokaa mbele ya kompyuta za watu, madhara mazito niliyoyaona yalitoka kwingine, kwa hiyo nafasi nitakayoyapa mambo haya haitakuwa sawa.

Jua kwanza faili ni la nani

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi kazi za kampuni kubwa peke yake. Wimbo uliorekodiwa kwa simu, picha, shairi lililoandikwa na programu ya kompyuta, vyote hulindwa tangu vilipotiwa katika umbo linaloweza kusomwa, kusikilizwa au kutazamwa, hata kama mwenyewe hakwenda kuvisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ulinzi wa maandishi, muziki na kazi za sanaa hudumu katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa rekodi za sauti, picha na filamu huhesabiwa miaka 50 tangu zilipotengenezwa au kutolewa.

Hesabu hiyo inaonekana nyepesi mpaka uiweke juu ya faili halisi. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Maneno ya utenzi wenyewe hayana tena wa kuyazuia, na ukiyaandika upya kwa mkono wako na kuyatuma kwa wanafunzi wako hujamdhulumu mtu. Lakini faili la sauti la mtu aliyeughani miaka kumi iliyopita ni jambo jingine, kwa kuwa sauti ni ya mghani na rekodi ni ya aliyeirekodi. Na ukipiga picha kurasa za chapa ya karibuni yenye tafsiri na maelezo ya mhariri, tafsiri ile na maelezo yale yana mwenyewe. Uliza basi faili lililo mkononi mwako limepitia mikono ya nani, maana ukale wa maneno hautoshi.

Hapa kwetu mara nyingi huletewa hoja kwamba elimu haina bei na kwamba kuzuia kitabu cha dini kisisambazwe ni uroho. Naiheshimu hoja hiyo kwa nusu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, na kwamba haijuzu kuzivamia. Na hata kabla ya majmaa hiyo, wanazuoni wetu walikuwa na ijaza: mwanafunzi hakupokea kitabu kwa shekhe wake akakisomesha apendavyo, alisubiri ruhusa ya kukipokeza. Mtu wa Lamu haelezwi maana ya kuomba idhini kama jambo lililoletwa na intaneti.

Sheria nayo si ngumu kama jiwe. Inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio, ilimradi chanzo kitajwe. Ukijipigia picha kurasa mbili za kitabu ili uzisome ndani ya boti ya Mokowe, sioni atakayekusumbua. Ukikiskani kitabu kizima na kukitia katika kundi la watu 200, neno "binafsi" limekwisha kukukimbia.

Baada ya kujua mwenyewe, pima anapoteza nini. Hapa sitajifanya kwamba mizani zote ni sawa. Mwimbaji wa kasida au wa taarabu wa mji mdogo hulipia studio kutoka mfukoni, hutengeneza nakala, huziuza kwa watu wanaomjua kwa jina. Anayeichukua albamu yake nzima na kuitia katika kundi la mtaa amemwondolea soko lote, kwa sababu soko lake lote ndilo kundi lile. Filamu ya kampuni kubwa ya Marekani ni kosa lile lile mbele ya sheria, lakini dhara haliangukii juu ya mtu utakayekutana naye kesho Mkunguni akinywa kahawa. Nasema hivyo bila haya, ingawa sikubali kwamba udogo wa dhara unakigeuza cha mtu kuwa chako.

Kuhusu picha za harusi na shughuli nyingine, watu hugombana bure kwa kutojua kanuni moja: chini ya sheria yetu, kazi iliyoagizwa na kulipiwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mpiga picha anayetaka kuzionyesha picha za arusi yako katika ukurasa wake wa matangazo na aombe. Nawe mwenye shughuli, andika mapatano hayo kabla ya siku yenyewe, hata kama ni mistari miwili ndani ya WhatsApp.

Zipo kazi ambazo mwenyewe amekwisha kutoa ruhusa hadharani. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, hubandikwa juu ya kazi na kueleza masharti kwa herufi: BY maana yake umtaje mtunzi, NC usifanyie biashara, ND usibadilishe, SA ukibadilisha uitoe kwa masharti yale yale. Mwalimu anayetafuta picha za somo atapata nyingi humo bila kumwibia mtu. Vivyo hivyo LibreOffice ya kuandikia nyaraka na VLC ya kutazamia video ni programu zinazotolewa bure na wenyewe. Unaponakilia vijana wa mtaa programu hizo kwa flashi umefanya wema usio na doa.

Kitabu kilichokwisha madukani ndicho kinachonitatiza zaidi. Hakichapishwi tena, mwanafunzi anakihitaji, na nakala ya PDF ipo. Rai yangu ni kwamba uulize kwanza, kwa kuwa watunzi wengi wa pwani hii hawako mbali; ukivuka mitaa miwili au ukipiga simu tatu umempata yeye au wanawe. Ujumbe hauhitaji mapambo: "Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Lamu. Ninayo nakala ya kijitabu chako ambacho hatukipati tena madukani. Naomba ruhusa ya kuituma kwa wanafunzi wetu 30, bila kuiuza na bila kuondoa jina lako. Ikiwa huridhii, nitaifuta." Jibu lake lihifadhi. Nimeandikia watu ujumbe wa namna hii zaidi ya mara moja, na katika waliojibu hakuna aliyekataa. Mmoja alituma chapa iliyo safi zaidi kuliko ile tuliyokuwa nayo.

Yanayoingia

Sasa tugeuke upande wa mlango wa kuingilia, ambako hatari ni ya kifaa chako na fedha zako.

Ugonjwa ninaouona mara nyingi kuliko mwingine haukuletwa hata na intaneti moja kwa moja. Umeletwa na flashi iliyozunguka. Mwanafunzi huchomeka flashi yake akakuta folda zote zina mshale mdogo kwenye pembe ya chini kushoto, na kila moja ina ukubwa wa kilobaiti 1 au 2. Zile si folda. Ni njia za mkato zilizowekwa na virusi, na ukibonyeza moja unaviendesha virusi kwanza kabla ya kuonyeshwa mafaili yako. Usibonyeze hata moja, na usikubali kuifomati flashi kwa haraka, kwa kuwa mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu. Ipitishe flashi katika programu ya kuzuia virusi mpaka iwe safi. Kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha herufi E kwa herufi ya flashi yako. Folda za kweli zitajitokeza, na zile zenye mshale utazifuta. Ni kazi ya dakika tano, na imewahi kumrudishia mtu tasnifu nzima aliyokuwa ameshaililia.

La pili ni jina la faili. Windows, kama ilivyo inapowekwa, huficha herufi za mwisho zinazofuata nukta, na hizo ndizo zinazosema faili ni la aina gani. Faili liitwalo barua.pdf.exe litaonekana kwako kama barua.pdf, nawe utalifungua ukidhani unasoma barua, kumbe umeendesha programu. Hila hii si mpya. Mwezi Mei mwaka 2000 virusi vya ILOVEYOU vilizunguka dunia kwa barua pepe vikiwa na kiambatisho kilichojifanya andiko la mapenzi la .TXT huku herufi zake za kweli, .vbs, zikiwa zimefichika nyuma. Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya mwonekano, uwashe uonyeshaji wa herufi za mwisho za majina, kisha uiache hivyo daima.

Kwenye simu, herufi za kuogopa ni .apk, ambazo ni za programu ya Android. Katika miaka ya karibuni huko India matapeli wametuma mafaili ya .apk kupitia WhatsApp yakijiita mialiko ya harusi, na aliyeyafungua na kuyakubali aliingiza katika simu yake programu ya kumwibia. Nimeutaja mfano huo kwa sababu sisi nasi siku hizi hualikana kwa simu. Mwaliko wa harusi huja kama picha, video au PDF. Haujawahi kuhitaji kusakinishwa. Ukikuta simu inakuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka chanzo kisichojulikana, na wewe ulitaka kujua tu karamu ni saa ngapi, rudi nyuma na umpigie simu anayedaiwa kukualika.

Programu zilizovunjwa kufuli, zile za "Office ya bure" na "Windows ya milele", nazitambua kwa tabia moja: kabla ya kuwekwa huomba uizime programu ya kuzuia virusi. Mgeni anayetaka umwondoe bawabu mlangoni kabla hajaingia ameshasema alichokuja kufanya. Huenda hii moja ikawa salama kweli, lakini hukuwa na njia ya kujua ulipoizima kinga, na madhara yake hayaonekani siku hiyo. Huonekana pale neno la siri la barua pepe linapobadilika lenyewe usiku wa manane.

Torenti inahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa wengi huitumia bila kujua wanachokifanya. Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, hulikata faili vipande vidogo na kukuletea vipande hivyo kutoka kwa watu wengi walio nalo. Wakati unapokea, kompyuta yako nayo inawagawia wengine vile ulivyokwisha kuvipata. Kwa maneno mengine, katika torenti hakuna mpokeaji mtupu. Anayepakua anasambaza, na kisheria kusambaza ni uzito mwingine. Zaidi ya hayo, anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wako, inaonekana kwa kila aliyemo katika mgawano huo. Watu huniambia, "Kaka, mimi natumia VPN." VPN, huduma inayopitisha muunganisho wako kwa kompyuta nyingine, inaweza kuificha anwani yako kwa wale wengine, lakini haisafishi virusi vilivyo ndani ya faili, na haibadilishi mwenye mali. Mfumo wenyewe hauna kosa: wenye mfumo wa kompyuta wa Linux na wenye LibreOffice huutumia kugawa kazi zao wenyewe, na kwa mtu mwenye intaneti inayokatika kila mara ni neema, kwa kuwa upakuaji huendelea pale ulipokomea. Angalizo dogo tu, kwamba bando lako linaliwa pande zote mbili, la kupokea na la kutoa.

Ukipakua programu kutoka kwa mwenyewe, mara nyingi utakuta pembeni ya kitufe mstari wa herufi na tarakimu 64 ulioandikwa SHA-256. Huo ni mfano wa alama ya kidole ya faili. Likibadilika hata kwa herufi moja, mstari mzima hugeuka. Baada ya kupakua, andika katika dirisha la amri certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe. Ikitofautiana, futa. Sidai kwamba mimi hufanya hivyo kila siku, lakini kwa programu ninayoiweka katika kompyuta ambayo watu wataandikia maneno yao ya siri, sijasamehe hata mara moja.

Yanayotoka

Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa kuwa virusi vikiingia kwako vinakuumiza wewe, lakini faili likitoka kwako huumia mtu ambaye huenda hayupo chumbani.

Fikiria kompyuta ya saiba mwisho wa siku. Kuna nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hatimiliki ya shamba la kule Hindi, upande wa bara, matokeo ya hospitali, picha za pasipoti, vyote vimelala katika folda ya vilivyopakuliwa kwa sababu mteja alijitumia, akachapisha, akalipa, akaenda. Anayeketi baada yake anaviona. Nakala ya kitambulisho pamoja na namba ya simu inamtosha tapeli kujaribu kujifanya wewe. Kwa hiyo, ukimaliza kuchapisha, bonyeza faili mara moja, shika kitufe cha Shift pamoja na Delete ili lisiende katika pipa la kompyuta, halafu ulitazame na pipa lenyewe. Kama uliingia WhatsApp kwenye kompyuta, toa simu yako, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta ile kabla hujalipa. Nimewahi kufungua duka asubuhi nikakuta mazungumzo ya mteja wa jana yamejaa kiooni, na ujumbe mpya unaingia mbele ya macho yangu. Ilinibidi nimpelekee mtoto mbio nyumbani kwao aje ajitoe mwenyewe, maana kugusa sikutaka.

Orodha ni hatari kuliko nakala moja. Makatibu wa vikundi vya wavuvi, vyama vya akina mama na kamati za misikiti hupenda kutuma jedwali lote katika kundi ili kila mtu atafute jina lake: majina, namba za vitambulisho, namba za simu, wakati mwingine na kiasi anachodai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa hizo kuwa data binafsi, na msamaha wake kwa shughuli za mtu binafsi na za nyumbani haumfuniki katibu anayeshika daftari la watu. Tuma kwa kila mtu mstari wake, au tuma majina na tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho, zinatosha mtu kujitambua. Na ukiamua kuficha kitu ndani ya waraka, usikifunike kwa kisanduku cheusi katika Word kisha ukaugeuza kuwa PDF, kwa sababu maandishi yaliyo chini ya kisanduku bado yapo. Msomaji akiyapitishia kipanya, akanakili na kubandika kwingine, yanatoka yote. Yafute kabisa, au chapisha karatasi, uipake wino, kisha uiskani upya. Majedwali nayo huwa na safu zilizofichwa ambazo mpokeaji huzifichua kwa kubonyeza mara mbili. Nakili zile unazotaka zionekane, uzitie katika jedwali jipya.

Picha hubeba zaidi ya sura. Kamera ya simu, ikiwa haijazimiwa huduma hiyo, huandika ndani ya faili mahali ilipopigwa kwa vipimo vya ramani. WhatsApp ikituma picha kama picha, huibana na taarifa hizo hupotea. Ukiituma kama waraka ili isipungue ubora, taarifa zinasafiri nayo zote. Anayetangaza nyumba ya kukodisha Shela hana shida na hilo. Anayetuma picha ya mtoto wake akiwa nyumbani anayo. Zima uandikaji wa mahali katika mipangilio ya kamera, jambo la dakika moja.

Kiungo cha Google Drive kilichofunguliwa kwa kila mwenye nacho ni ufunguo uliochongwa na kuachwa juu ya baraza. Wengi huchagua hivyo kwa sababu ni wepesi. Andika anwani za wanaohusika mmoja mmoja, na baada ya wiki, kazi ikisha, ukifunge. Kwa kitu cha siri zaidi, kama hati za mirathi, lifunge faili kwa programu ya 7-Zip ukichagua AES-256, njia ya kulifunga kwa neno la siri, ulitume kwa barua pepe, na neno la siri ulitaje kwa mdomo kupitia simu. Ukiliandika neno la siri katika barua pepe ile ile, umefunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Turudi kwa picha za kupamba. Kwa picha za wanawake wakiwa ndani, za wagonjwa, za maiti, na za watoto, kanuni yangu ni kwamba idhini ya kupigwa si idhini ya kutumwa, na idhini ya kutumiwa mtu mmoja haivuki hapo. Muulize aliyemo pichani, wala si mpigaji. Ukikubaliwa, jiulize simu ya unayemtumia hushikwa na nani, maana simu nyingi za hapa ni za nyumba nzima, na WhatsApp kwa kawaida huzitia picha zinazoingia katika ghala la picha la simu, ambako mtoto anayetafuta mchezo atazikuta; kipo kipengele cha kuzuia hilo katika mipangilio ya kila mazungumzo. Ipo pia namna ya kutuma picha ionekane mara moja tu, ambayo inapunguza lakini haizuii, kwa kuwa simu ya pili inaweza kukipiga picha kioo cha simu ya kwanza. Wanawake wengi wameamua jambo rahisi zaidi: simu hukusanywa mlangoni katika kapu, na anayetaka kumbukumbu humpangia mpiga picha wa kike mmoja, akazichapisha katika karatasi. Katika kadhia hii karatasi imeishinda teknolojia, na sioni aibu kulisema hilo nikiwa muuza intaneti.

Mtu akizitawanya picha za utupu au za faragha za mwenzake, hapo hatuzungumzii staha tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, na haiulizi kama wewe ndiwe uliyepiga au uliletewa ukapeleka mbele.

Likiwa limeshatoka

Ukigundua mapema, WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa kila mtu ndani ya muda unaozidi siku 2 kidogo. Fanya hivyo mara moja, lakini elewa kwamba aliyekwisha kuihifadhi picha anayo, na kwamba alama ya ujumbe uliofutwa huamsha udadisi. Mpigie mpokeaji simu umweleze. Ikiwa imevuka kundi, usiandike humo kwa hasira, kwa sababu kila jibu huirudisha picha mbele ya macho ya waliokuwa hawajaiona. Piga kwanza picha za kioo zinazoonyesha jina la kundi, namba iliyotuma na tarehe, kisha zungumza na msimamizi wa kundi faraghani. Kwa kazi yako iliyowekwa katika tovuti bila ruhusa, marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yameweka utaratibu wa kumpelekea mtoa huduma ilani ya kuiondoa, na Bodi ya Hakimiliki hupokea malalamiko. Kwa data binafsi, mlango ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa picha za faragha na vitisho, nenda polisi ukiwa na ushahidi wako, na umchukue mtu mzima wa familia anayeaminika.

Bibi yule na mimi tulikaa mpaka karibu saa nne za usiku. Yeye alisoma majina ya makundi, mimi niliandika ujumbe mmoja wa adabu, naye akautuma kwa wasimamizi wanne. Watatu waliifuta kabla ya alfajiri na kuomba radhi. Wa nne aliusoma, alama mbili zikageuka buluu, na hajajibu.